Shangazi, mwanangu anataka jezi ya kijani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro, nina mke na watoto wawili. Simba niliachiwa na marehemu baba. Mpaka 2025 Yanga wamebeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, na kwetu kila mchezaji akianza kutupa raha, anaumia. Juni 25 walipotufunga 2-0 na kuchukua kombe la 2025, nilizima TV na siku mbili sikusema na mke wangu, maana yeye ni Yanga. Halafu mwanangu wa miaka saba akaniambia anataka jezi ya Yanga kwa sababu shuleni wanamcheka. Nilimfokea mpaka akalia. Kibaya zaidi, hesabu ya bosi ya siku nne niliiweka kwenye mkeka wa kubeti, Simba ishinde. Wenzangu kijiweni wanasema nihame timu nipate amani. Nihame? – Mnyama Aliyechoka*

Marahaba mwanangu. Usihame. Nakujibu nikiwa mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba kama wewe, kwa hiyo uchovu wako naujua.

Novemba 1993 nilikuwa binti. Simba walikuwa wametoka sare tasa na Stella ya Ivory Coast kule Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, zikabaki dakika tisini za hapa Dar es Salaam. Kaka yangu aliondoka asubuhi kwenda uwanjani, sisi tukabaki tumeizunguka redio. Stella wakashinda 2-0. Kaka alirudi usiku kwa miguu, akakaa barazani bila kuomba chakula. Kesho yake akavaa fulana ile ile nyekundu akaenda kazini. Mei 2025, miaka 32 imepita, tukafika fainali nyingine ya Afrika: Berkane wa Morocco wakatufunga 2-0 kwao, na Zanzibar tukatoka 1-1. Usiku ule kaka alinipigia simu, mzee sasa, sauti imemkauka, akasema neno moja tu: "Tumefika tena." Nililia, sikufichi.

Sikuambii haya ili nikuahidi kombe. Baada ya ubingwa wa 2012, ule msimu tuliowapiga Yanga tano bila, tulikaa mpaka 2018 ndipo ligi ikarudi kwetu, na ilipokuja ikakaa misimu minne mfululizo. Waliovumilia kipindi kile hawakujua kama itarudi. Walikuwa wanakwenda tu uwanjani.

Kuhusu majeruhi, kumbuka Aprili 2023. Aishi Manula aliumia, tukabaki na Ally Salim, kijana ambaye wengi wetu tulikuwa tumezoea kumwona benchi. Aprili 16 akasimama langoni, Inonga na Kibu wakafunga, Yanga wakalala 2-0. Siku sita baadaye, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Wydad wa Morocco wakafungwa 1-0 uwanja wa Mkapa. Kule Casablanca tukatolewa kwa penalti, na ligi ikaenda Jangwani, kwa Yanga. Msimu ule hatukuambulia kombe lolote, lakini mimi mpaka leo nikimkumbuka kijana yule akiruka kuufuata mpira nasisimka. Aliyehama mwaka ule kwa sababu kipa namba moja ameumia hana kumbukumbu hiyo.

Sasa mkeka. Hapa niliisoma barua yako mara mbili. Mwanangu, ulipoweka hesabu ya bosi juu ya Simba, goti la mchezaji liligeuka kuwa unga wa watoto wako. Hapo timu ikifungwa lazima uchukie, umchukie kipa, umchukie mke anayeshangilia, na mwisho umfokee mtoto. Amani uliyoipoteza imepotelea hapo, na hata ukivaa kijani kesho utaipoteza hapo hapo. Futa hiyo programu ya kubeti kwenye simu leo. Nenda kwa bosi wako mwenyewe kabla hajakuita, mwambie ukweli, mkubaliane ulipe kidogo kidogo. Na mke wako alisikie kutoka kwako, lisimfikie kutoka kijiweni.

Yeye na Yanga yake hana kosa. Simba na Yanga ni watani. Akikutania mrudishie, tano bila unazo. Ila kununa siku mbili ndani ya nyumba si utani tena, na pole unamdai wewe? Hapana, anakudai yeye. Mpe.

Mtoto ndiye anayeniuma. Umeandika kwamba Simba uliachiwa na baba yako. Hebu kumbuka alivyokuachia. Nadhani alikupakata, alikushika mkono njiani, alikununulia karanga, ukaipenda timu kwa sababu ulikuwa unampenda yeye. Sidhani kama alikufokea. Mwanao ana miaka saba, anachekwa, alikuja kwako kutafuta kimbilio akakuta mlango umefungwa. Mwombe radhi kwa maneno kamili: "Nilikosea kukufokea." Deni la bosi likipungua, mnunulie jezi anayoitaka, ya kijani, kwa mkono wako mwenyewe, hata kama mkono utatetemeka.

Kisha usiku mmoja, isiwe siku ya mechi, kaa kitandani kwake umsimulie habari za babu yake, na za kipa aliyetoka benchi. Akisinzia katikati ya hadithi na kijani chake mwilini, mfunike shuka, uzime taa.