Mpaka, RB na Mahakama za Arusha: Maswali Yenu

Nauza vitenge Kariakoo. Wenzangu Wakenya wanaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Changu cha NIDA kitanifikisha?

Hapana, dada. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana zenyewe kutumia vitambulisho tangu 2014, Tanzania haimo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inaziruhusu nchi kufanya hivyo, haizilazimishi. Beba pasipoti, au ukaombe Uhamiaji hati ya dharura ya safari. Na kadi ya homa ya manjano usiisahau nyumbani.

Tapeli kala hela yangu ya kiwanja Goba, sasa yuko Nairobi, anaweka picha mtandaoni akila bata. Polisi wetu si wamfuate tu?

Hawawezi. Askari wetu akishavuka mpaka wa Namanga hana mamlaka ya kumfunga mtu pingu, huko ni mgeni kama wewe. Ushirikiano upo, ila unapitia ofisini. Wakuu wa polisi wa ukanda huu wana umoja wao, EAPCCO, ulioanzishwa Kampala mwaka 1998, na ofisi ya kanda ya Interpol, polisi wa kimataifa, iko Nairobi hukohuko alikojificha mtu wako. Taarifa zinaweza kufika upesi.

Kumrudisha ndiyo shughuli. Serikali yetu iombe rasmi, mahakama ya Kenya isikilize ombi, kosa liwe ni kosa kwa sheria za nchi zote mbili, na yeye ana haki ya kupinga. Najua inaudhi, lakini mimi siutaki ushirikiano wa kumbeba mtu usiku kwenye gari lisilo na namba, hata awe tapeli.

Kilicho mikononi mwako ni kufungua kesi hapa. Bila RB, yaani namba ya taarifa uliyofungua polisi, na jalada, hakuna wa kuomba chochote Nairobi. Peleka mkataba wa mauziano, risiti za benki na meseji za miamala. Zile picha zake zihifadhi kabla hajazifuta. Wala usitume vijana wa huko wamkamate, utageuka mshtakiwa wewe.

Jamaa anataka chumba changu Mbagala, vijana wa Kihabeshi walale usiku mmoja wakielekea Afrika Kusini. Analipa vizuri.

Kataa. Kuwahifadhi ni kosa, uwe usiku mmoja au kumi. Wao wakibainika walidanganywa au kulazimishwa, sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inawahesabu waathirika. Mwenye chumba hayumo kwenye huruma hiyo.

Eti mahakama ya Arusha inaweza kuishtaki serikali? Hata mimi raia wa kawaida naruhusiwa?

Kwanza mahakama haishtaki, mzee wangu, unashtaki wewe. Pili, Arusha ziko mbili na watu huzichanganya. Ile ya Haki za Binadamu na Watu ni ya Umoja wa Afrika. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu wananchi kwenda huko moja kwa moja, hatua ambayo binafsi naona ilitunyima kitu kikubwa.

Ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bado iko wazi. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya, bila kumaliza kwanza ngazi za mahakama za nyumbani. Wengi huangukia kwenye muda: una miezi 2 tu tangu kitendo kifanyike au ulipokifahamu, na majaji wameshasema hawana uwezo wa kuuongeza. Kwa hiyo mwone wakili wiki hii. Shauri lenyewe si lazima ulipandie basi la Arusha, masjala ndogo ya mahakama hiyo ipo hapahapa Dar.