Re: Commodore 64 inawaka taa, skrini nyeusi

Ndugu, umeuliza kama uanze kwa kubadilisha chipu ya picha ya kompyuta yako ya zamani, Commodore 64, kwa sababu taa inawaka ila skrini ni nyeusi tupu. Tafadhali usiiwashe tena kwanza! Anza na adapta yake ya umeme.

Adapta ya asili hutoa volti 9 za AC na volti 5 za DC. Kirekebisha volti chake kimefukiwa ndani ya gundi ngumu, joto halitoki, na kikizeeka hizo 5 hupanda bila dalili yoyote. Chipu za kumbukumbu hazivumilii hilo. Chomoa adapta kwenye kompyuta, pima kwa mita: ikizidi 5.25, iweke kando kabisa, tafuta mpya.

Ukishapata umeme salama, washa dakika moja, kisha gusa chipu nane za kumbukumbu moja moja kwa ncha ya kidole, polepole. Inayounguza kuliko wenzake ndiyo mshukiwa wangu. Zote zikiwa vuguvugu sawa, nageukia PLA, ile chipu inayoamua ni chipu ipi izungumze na kichakataji wakati gani, nayo hufa sana. Ukiitoa, nyonya risasi ya kulehemu vizuri using'oe njia za shaba za bodi, halafu weka soketi ya kuchomekea chipu mpya.

Tuletee vipimo vya adapta.