Kabla ya bendera kushushwa: somo la Hong Kong kwa wanaoanza kazi

Ukipangiwa kazi katika eneo linalokaribia kukabidhiwa dola nyingine, hotuba ziache kwanza. Fungua hati za ardhi uangalie zinakwisha lini. Hong Kong ilitoka mikononi mwa Uingereza na kurudi China tarehe 1 Julai 1997, lakini hati za New Territories, sehemu ya Hong Kong ambayo Uingereza iliikodi kutoka China, zilikuwa zimeandikwa kukoma siku chache kabla, Juni 27. Kwa hiyo swali lilianza kuwasumbua watu tangu mwaka 1979: nani akope kwa miaka 20 kujenga kwenye kiwanja kilichobakiza 18? Kiongozi wa China, Deng Xiaoping, alimwambia MacLehose, gavana Mwingereza wa Hong Kong, kwamba wawekezaji watulize mioyo. Hakuna benki inayopokea hilo kama dhamana.

Mazungumzo ya Uingereza na China kuhusu Hong Kong yalipokwama, tarehe 24 Septemba 1983 dola ya Hong Kong iliporomoka hadi 9.6 kwa dola 1 ya Marekani, na watu wakakimbilia madukani kugombea mchele na mafuta ya kupikia. Dawa ilianza kufanya kazi Oktoba 17: benki inayotoa noti sharti kwanza ikabidhi dola za Marekani kwenye mfuko wa serikali, kwa kiwango cha dola za Hong Kong 7.80 kwa dola 1 ya Marekani. Kodi ya riba kwa amana za dola ya Hong Kong nayo ikafutwa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwenye noti hakulazimika kumwamini mwanasiasa yeyote.

Kwenye ardhi, Tamko la Pamoja la 1984, mkataba wa Uingereza na China kuhusu makabidhiano, liliongeza muda wa hati hadi 2047 bila malipo mapya ya kuhuisha, ila kodi ya asilimia 3 ya thamani ya pango la mwaka. Wageni wa kazi hii husahau kipengele cha pili: serikali ilizuiwa kugawa zaidi ya hekta 50 kwa mwaka bila tume ya pande zote mbili kukubali, na nusu ya mapato halisi ya ardhi hiyo iliwekewa serikali ijayo. Bila kufuli hilo, kila mnada ungeonekana kama mkoloni anafilisi nyumba kabla ya kuhama.

Kosa la kuepuka ni kutangaza mradi ambao deni lake litavuka siku ya makabidhiano huku mrithi hajatia saini. Mpango wa uwanja mpya wa ndege ulitangazwa Oktoba 1989; China ikapinga gharama, wakopeshaji wakasita. Ulikwamuka Septemba 1991, waziri mkuu wa Uingereza John Major aliposafiri hadi Beijing kusaini makubaliano, ikiwemo ahadi ya kuiachia serikali ijayo akiba isiyopungua dola za Hong Kong bilioni 25.