Jibu: Mdogo wangu katolewa uvimbe kichwani, hasira haziishi

Pole sana, dada. Umeuliza kama mdogo wako anawaka hovyo kwa makusudi tangu atoke upasuaji. Mara nyingi si makusudi. Uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo hugusa tabia na subira. Wa upande wa kushoto, kwa watu wengi, hugusa maneno. Muulizeni daktari wake uvimbe ulikaa wapi hasa, msaada uanzie hapo. Msiige msaada wa jirani.

Na je, anatumia deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo? Mama yetu alipopewa dawa hizo, saa nane usiku tulimkuta jikoni anakwangua ukoko, macho makavu! Huleta njaa, hukata usingizi, huchokoza hasira. Daktari wetu aliihamishia dozi asubuhi, mama akatulia kidogo. Ila msiziache ghafla wenyewe, ni hatari.

Sisi tulinunua daftari tu, tukaandika dawa, kifafa, na kilichomchosha siku hiyo. Ndipo tukagundua wageni watatu kwa mpigo wanamvuruga mama, mmoja anamchangamsha. Kifafa kikimpanda mdogo wako, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Kikipita dakika 5, hospitali mbio.