Usitangaze urani kwa dakika moja

Juzi usiku imeingia meseji ya dada mmoja: "Shikamoo kaka, mi niko mwaka wa tatu fizikia hapo UDOM, nataka kutengeneza ditekta ya mionzi ya angani iwe projekti yangu halafu baadae niende CERN, naomba unishauri nianze kununua kifaa gani." Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma mara tatu nikacheka peke yangu, sio kwamba nakucheka wewe, ila miaka saba iliyopita meseji hiyo ningeiandika mimi vilevile, mpaka hiyo CERN ya mwishoni, ile maabara kubwa ya Ulaya inayogonganisha chembe ndogo. Nilitaka nikujibu palepale kwa mistari miwili ila haraka ndo iliyoniponza mimi, kwa hiyo acha nikuelezee yote hapa na wengine wasome.

Kuna watu huku Dodoma wananiita Bwana Urani. Wengine wanadhani ni sifa, wanajua nimesoma mambo ya mionzi basi. Leo nasema jina limetokea wapi maana nimechoka kulikwepa.

Nilikuwa chuo, napanga Ng'ong'ona, nikabana hela ya kula nikaagiza mtandaoni kaunta ya Geiger, kidude cha kuhesabu mionzi, ya kuunga mwenyewe, laki na kitu. Tyubu nyembamba ya kioo saizi ya kalamu, ndani ina gesi, katikati imepita waya, unaipa umeme wa volti 400 (umenipiga huo, mkono ukafa ganzi mpaka begani, kwa hiyo heshimu). Mionzi ikipita inachomoa elektroni kidogo kwenye gesi, zile zinavutwa na waya zinagonga zingine, zingine zinagonga zingine, poromoko zima, spika inasema tik. Saa sita usiku ile tik ya kwanza imelia niliruka kitandani. Nikahesabu dakika moja, nikapata 22. Nikaandika ukutani kwa kalamu, 22, nikapiga mstari chini.

Wiki ile ile nikaenda kwa mjomba, kijiji kimoja wilaya ya Bahi. Sasa hadithi za urani ya Bahi kila mtu wa huku anazijua, makampuni yalishakuja kutafiti yakachimbachimba, watu wakabaki na maneno. Mi nimefika na kidude changu, nimezungukwa na watoto, nimekiweka juu ya ukingo wa kisima, nimeangalia saa, dakika moja, 34. Nikapiga hesabu kwenye simu, 34 juu ya 22 ni ongezeko la asilimia 55. Asilimia hamsini na tano bana! Nikamvuta mjomba pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hiki kisima kina mionzi, na mjomba wangu hajawahi kuwa na sauti ya chini tangu azaliwe. Jioni mtendaji wa kijiji anajua, asubuhi kisima hakina mtu.

Siku tisa. Siku tisa wanawake wa pale walikuwa wanaenda kuteka maji kisima cha mbali, mpaka walipokuja wataalamu na mashine yao wakakaa pale nusu siku nzima, wakachukua na maji kwenye chupa, wakasema hapa hakuna kitu, ni mionzi asilia ya kawaida tu. Mmoja akanigeukia mbele za watu akaniuliza, "Kijana, ulipima kwa muda gani?" Nikasema dakika moja. Hakucheka, angecheka ingekuwa afadhali. Aliyecheka ni mwalimu wangu mmoja wa chuo, darasani, mi nimekaa mstari wa pili, na hilo mpaka leo sijalisahau, nalisema wazi. Lakini lililoniumiza zaidi ni mama mdogo, alinishika mkono wakati naondoka akaniambia, "Siku tisa nimebeba ndoo kwa ajili ya dakika yako moja."

Sasa kosa langu lilikuwa wapi, maana ndo ushauri wenyewe ulipo. Mionzi haiji kwa foleni kama watu wa benki, inakuja inavyotaka. Ukihesabu ukapata 25, basi hiyo namba yenyewe inatikisika kama 5 hivi juu na chini, ni kipeuo cha pili cha ulichohesabu. Chukua 22 yangu na 34 yangu, tofauti ni 12, ila kutikisika kwa zote mbili kwa pamoja ni kama 7.5. Gawanya, unapata 1.6. Wenyewe wanaita sigma, yaani nilikuwa na sigma 1.6. Wale wa CERN ili watangaze chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012 walisubiri mpaka wafike sigma 5, nafasi ya kudanganywa na bahati tu ni kama moja kwenye milioni tatu na nusu, na walikuwa na ditekta mbili kubwa, ATLAS na CMS, timu mbili tofauti, kila moja imeona kivyake. Wao sigma 5 na mashahidi wawili. Mi sigma 1.6 na mjomba.

Nilirudi baadae kimyakimya nikapima saa nzima nzima. Kisimani 1,389. Chumbani kwangu Ng'ong'ona 1,412. Umeelewa hapo? Chumba changu kilikuwa kimekizidi kisima, na hata hiyo tofauti ya 23 sio kitu, imezama ndani ya kutikisika. Na ukiangalia mawe ya Dodoma haishangazi, sisi tumekaa juu ya itale, na itale ina urani na thoriamu na potasiamu yake kidogokidogo tangu enzi, sio ya kuua mtu. Kwa hiyo ukinunua chochote anza kuhesabu bila chanzo chochote, hesabu chumba chako kitupu usiku mzima, andika. Halafu kosa la pili ambalo hata nisingekosea hesabu lingebaki, kaunta ile haikuwa na uwezo wa kupima maji kabisa. Chembe za alfa, ambazo urani inazitoa, hazipenyi kioo cha ile tyubu, kwa hiyo hata kisima kingekuwa na tatizo la kweli mi ningeweza kusikia kimya. Geiger inasema tik tu, haisemi nani kapita, ametoka ardhini au kwenye tofali au mbinguni, yote kwake ni tik.

Miaka miwili iliyofuata naiacha, hakuna cha maana, nilifundisha tuisheni.

Kilichonirudisha ni mama. Aliumwa mgongo muda mrefu tukaenda Dar kupimwa mifupa kwa kamera ya gama. Wakamchoma sindano ya teknetiamu-99m, dawa yenye mionzi, kila baada ya masaa 6 inabaki nusu, tukasubiri kama masaa matatu dawa iingie kwenye mifupa, halafu wakamlaza chini ya bamba kubwa asitikisike karibu nusu saa. Mama akanong'ona, "Hivi picha gani hii inapigwa nusu saa, mbona ya simu yako ni mara moja?" Mi niko nyuma ya kioo naangalia skrini. Mwanzoni ni madoadoa tu, kama mtu kamwaga mchanga kwenye kitambaa cheusi, huwezi kusema ni mtu au ni mbuzi. Baadae yakaanza kujikusanya, mbavu moja, mbavu nyingine, uti wa mgongo pingili kwa pingili. Kila doa ni mwonzi mmoja uliotoka ndani ya mama yangu ukagonga fuwele ya sodiamu ayodaidi ukawasha kacheche kamoja ka mwanga, kakahesabiwa. Moja moja! Wangesimamisha dakika ya kwanza wangeona mchanga, na daktari mwenye haraka angeweza kuona ugonjwa kwenye mchanga. Majibu yalikuwa mazuri. Mi nilikuwa nawaza kisima njia nzima ya kurudi, mpaka Morogoro sijaongea.

Nikanunua tyubu nyingine. Nikaziweka mbili, moja juu ya nyingine, sentimita 5 katikati, na saketi inayohesabu pale tu zote mbili zikilia kwa pamoja. Mionzi ya mawe na matofali mara nyingi inagusa tyubu moja inaishia hapo. Anayepita zote mbili kwa mpigo kama mshale ni chembe inaitwa muoni. Muoni anazaliwa juu huko, kama kilomita 15, protoni kutoka anga za mbali ikigonga hewa, na anaishi wastani wa milioni 2.2 za sekunde... hapana nimekosea kuandika, ni sehemu 2.2 za milioni ya sekunde, naacha kosa langu hapa muone kwamba Bwana Urani bado yupo. Kwa muda huo hata mwanga unaenda kama mita 660 tu, kwa hiyo asingefika chini, ila kwa sababu anakimbia karibu na kasi ya mwanga muda wake unatanuka kama alivyosema Einstein, anatufikia. Kunjua kiganja chako hapo ulipo, kwa dakika moja wanapita kama mia hivi. Huna haja ya kununua chanzo cha mionzi, na usinunue, vyanzo vina leseni yake Tume ya Nguvu za Atomiki. Cha bure kinatoka juu, Victor Hess alikijua mwaka 1912 kwa kupanda na puto mpaka mita 5,300, akakuta kule juu mionzi inaongezeka badala ya kupungua.

Usiku wa kwanza nilipoteza kila kitu, umeme ulikatika saa tisa na mi nilikuwa sijaweka memori kadi. Nikarudia. Masaa 8 tyubu zikiwa juu na chini: 906. Usiku uliofuata nimezilaza bega kwa bega, masaa 8 tena: 251. Tofauti 655, kutikisika 34, sigma 19. Kumi na tisa mdogo wangu, hiyo ningeitangaza msikitini na kanisani siku moja. Wanaokuja ubavuni wanapita hewa nene zaidi, wengi wanaishia njiani, ndo maana. Nilikaa sakafuni na lile daftari nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Kitu kimoja kinanichekesha mpaka leo. Namibia kuna darubini za H.E.S.S., jina la huyo huyo Hess, zinaangalia vimulimuli vya mwanga vinavyoitwa Cherenkov, vinavyotokea mionzi ya gama ya anga ikigonga hewa, vinadumu nanosekunde (sehemu za bilioni ya sekunde) chache tu. Nazo kwa kawaida zinataka angalau darubini mbili zione kwa pamoja, na moja ya sababu ni kuwatupa muoni, maana muoni akipita karibu anadanganya darubini moja peke yake. Yaani mimi navizia usiku kucha kitu ambacho wenzangu kwao ni takataka. Na mashine za PET za hospitali, zinazopiga picha ya ndani ya mwili, mchezo ni huo huo, pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) ikikutana na elektroni inatoa gama mbili zinazokimbia pande mbili zinazopingana, mashine inaamini pale tu pande zote mbili zimeona ndani ya nanosekunde chache. Nyumbani kwetu ndoa haifungwi na shahidi mmoja, sembuse gama.

Kwa hiyo vijana, na sasa nasema na wote sio huyu dada peke yake, mnapenda sana vifaa. Kila anayeniandikia anauliza ninunue nini, hakuna anayeuliza nihesabu kwa muda gani. Unanunua kitu leo, kesho umepiga video, keshokutwa umegundua kitu. Hesabu muda mrefu. Hesabu kitupu kwanza. Andika kwenye daftari, sio kwenye status. Ukiona namba imepanda usimwambie mtu, rudia, ikipanda tena rudia, usimwambie hasa mjomba. Mi nimelipa hii ada kwa mgongo wa mama mdogo, wewe huna sababu ya kuilipa tena.

Mwaka huu mwezi wa sita nilipeleka boksi lenye tyubu mbili kama zile kwa mjomba, nikaliweka pale pale kisimani, betri ya pikipiki na mfuko wa nailoni juu, siku nzima na usiku wake. Mama mdogo alikuja na ndoo asubuhi akalikuta linalia, akauliza, "Umehesabu?" Nikamwambia nahesabu tangu jana. Akateka maji yake, akasema, "Endelea basi," akaondoka.

Dada, kifaa cha kununua kwanza ni daftari kubwa la kaunta buku. Tyubu ninayo moja ya akiba nakuazima, ina ufa kwenye plastiki ya nje ila inafanya kazi. Njoo Jumamosi baada ya saa nane, nipo Nkuhungu, ntakutumia ramani kwenye meseji. Boksi lingine utalikuta linahesabu mezani, usiliguse mpaka Jumatatu.