Jibu: Toyota Rush inapunguza mafuta ya breki na chini hakuna tone

Mkuu, kwanza lipaki. Pedeli inazama, kikopo cha mafuta ya breki unakiongeza kila wiki, halafu unabeba watoto? Hilo si gari la kwenda nalo "taratibu" mpaka gereji, fundi aje nyumbani.

Umesema chini pakavu. Kwa Rush ningeanza nyuma, maana kule ni breki za drami (bakuli la chuma linalozunguka na tairi) na mafuta yanaweza kuvujia ndani humo siku nyingi kabla hujaona tone. Vua tairi, toa drami, kisha kwa ncha ya bisibisi inua kile kimpira cha pembeni mwa silinda (inayosukuma viatu vya breki vibane drami). Unyevunyevu tu si neno, ila mafuta yakichuruzika, silinda imekwisha. Mafundi wengi hubadilisha vimpira vya ndani peke yake. Mimi siafiki, kwani chuma kikishaota kutu kitavila tena. Weka silinda nzima. Viatu vya breki vikiwa vimelowa, tupa, na ubadilishe pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Nyuma pakiwa pakavu, legeza master silinda (pampu kuu ya breki, pale kwenye kikopo) itoke kwenye busta (duara kubwa linaloongeza nguvu ya pedeli). Ikivuja pale, mafuta huingia ndani ya busta na nje huoni kitu.

Mwisho mtoe upepo kwenye mabomba ya breki, mkianza na tairi lililo mbali zaidi na master silinda, kikopo kisikauke. Tumia mafuta ya breki aina ya DOT 3 ya chupa mpya (yakimwagikia bodi osha na maji haraka, yanakula rangi). Fundi akitaka kuongezea oili ya injini, mfukuze. Inavimbisha mipira yote.