Maswali ya Wasomaji: Kuvusha Intaneti Kutoka Jengo Hadi Jengo

Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Arua. Ofisi kuu ina intaneti ya faiba, lakini bweni na maabara mpya viko ng'ambo ya bonde, kama kilomita 1.2, na katikati kuna miembe. Dukani wametushauri tununue ruta yenye antena nne tuiweke dirishani. Itafika kweli? (Mwalimu wa kompyuta, Arua)

Haitafika, mwalimu. Ruta ya ndani humwaga mawimbi pande zote, na hata simu ya bwenini ikiiona, haina nguvu ya kuijibu. Mnachohitaji ni redio mbili za nje (vifaa vyenye antena ndani yake, vya kurushiana intaneti) za masafa ya 5 GHz, zinazotazamana. Kwa umbali wenu jozi ya TP-Link CPE510, Ubiquiti NanoStation 5AC Loco au MikroTik SXTsq 5 inatosha. Asije mtu akawauzia sahani kubwa za kilomita 20. Mtalipia nguvu msiyoihitaji, na kuzielekeza ni kazi.

Hesabu yenyewe ni hii. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dB na ndugu zake: dBm ni nguvu yenyewe, dBi ni ile inayoongezwa na antena. Kwenye kilomita 1.2 mawimbi ya 5.5 GHz hupungua kwa takribani 109 dB. Redio ikirusha 20 dBm, na kila antena ikiongeza 13 dBi, upande wa pili hupokea kama -63 dBm. Namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi: kiasi cha kati ya -50 na -65 ni kizuri. Mkishuka chini ya -75, mtandao utakuwa wa kubahatisha.

Ila hesabu hiyo haijui habari za miembe. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanataka nafasi inayopanuka kuelekea katikati ya njia, na kwenu upana wake pale kati ni mita 4 kila upande wa mstari unaounganisha antena. Angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo, yaani mita 2.4, isiwe na tawi wala paa. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama juu ya paa, akaliona bweni vizuri kabisa kati ya vilele viwili vya miti, na bado apate -80. Majani ya mwembe ni mazito na yamejaa maji, na maji hula mawimbi ya 5 GHz. Kwa hiyo fedha ya ziada iende kwenye urefu wa nguzo, si kwenye redio. Bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 2, lenye mita 6, likishikwa na waya tatu za kuvuta, litawafaa kuliko antena ya bei mara mbili. Ongezeni mita moja au mbili kwa ajili ya miti ambayo bado inakua.

Kebo nayo muikague kabla ya kulipa. Iwe Cat5e ya nje, ganda jeusi, shaba tupu. Kuna kebo ya alumini iliyopakwa shaba ambayo huuzwa kwa maneno matamu: kwangueni uzi mmoja kwa kisu, ukitoka mweupe, rudisheni. Redio hizi hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo (ndiyo PoE), kutoka kwenye adapta iliyo ndani, na alumini hupoteza volti nyingi zaidi. Kwenye mita 60 redio itawaka vizuri, kisha itajizima na kujiwasha kila watu wanapoitumia kwa wingi. Mafundi wengi hulaumu redio hapo. Kutoka kwenye redio, kupitia adapta, hadi ruta, jumlisheni mita zote na msizidishe 100. Nunueni pia tepu ya mpira inayojishika yenyewe na tai nyeusi za plastiki. Nyeupe hupasuka kwa jua.

Sasa mpangilio. Fanyeni kazi yote mezani kabla ya kupanda ngazi, redio zikiwa mita chache tu baina yao na nguvu ikiwa imepunguzwa. Kompyuta ipewe anwani ya kudumu ili ifungue ukurasa wa redio: TP-Link huanzia 192.168.0.254, Ubiquiti 192.168.1.20, MikroTik 192.168.88.1. Ya ofisi kuu iwe Access Point (inayorusha mtandao) na ya bweni iwe Client au Station (inayoupokea), zote katika hali ya daraja (bridge), yaani zipitishe mtandao kama kebo moja. Ubiquiti za zamani hutaka chaguo la WDS, linalofanya daraja hilo lipite hewani, liwashwe pande zote mbili. Kwa MikroTik, ya bweni ichaguliwe "station bridge". Ile "station" ya kawaida itaungana vizuri, mtafurahi, halafu kompyuta za bwenini hazitapata chochote. Wekeni jina moja la mtandao, kinga ya nenosiri ya WPA2 yenye AES, nchi Uganda pande zote, na upana wa chaneli 20 au 40 MHz. Kama redio haipimi umbali yenyewe, andikeni kilomita 1.5. Ruta ikiwa 192.168.1.1, redio ziwe .2 na .3. Washeni moja kwanza, kwa sababu zikitoka kiwandani zote mbili zina anwani moja.

Adapta ya PoE ina matundu mawili. Lenye neno PoE liende kwenye redio ya nje, lenye LAN liende kwenye ruta. Mkibadilisha, volti 24 zitaingia kwenye tundu la ruta, na huenda hiyo ikawa ndiyo siku yake ya mwisho.

Kuelekeza kunataka watu wawili wenye simu. Mmoja asogeze, mwingine asiguse kabisa. Anzeni kulia na kushoto, polepole, mkisubiri sekunde chache kila mnaposogeza kwa sababu namba ya mawimbi kwenye ukurasa wa redio huchelewa. Piteni kilele, kisha rudini. Ndipo mje juu na chini. Redio huonyesha namba mbili, moja kwa kila mkondo wa antena. Zikitofautiana kwa zaidi ya 5 dB, redio moja imeinama au kuna kitu kimeziba njia. Mkikwama kwenye -75 na hesabu inasema -63, msikaze spana. Huenda mmeshika mawimbi ya pembeni badala ya yale makuu, hasa kama ni sahani, kwa hiyo zungusheni upya kwa upana zaidi.

Mimi nina duka na stoo hapa Busia, mita 400 tu kati yao. Mtandao ni mzuri asubuhi, mvua ikinyesha unakufa. Fundi anasema mvua inazuia mawimbi. (Mama mfanyabiashara, Busia)

Mama, kwa mita 400 mvua yenyewe haiwezi kuua 5 GHz. Ingekuwa redio za 60 GHz, tungekubaliana na fundi. Mwambie afungue ukurasa wa redio mvua ikiwa inanyesha na aangalie mambo mawili. Namba ya mawimbi ikishuka taratibu, tuseme kutoka -58 hadi -72, kuna mti njiani na majani yake yameloa. Mawimbi yakibaki palepale lakini tundu la waya likawa linashuka kutoka 100 Mbps hadi 10, au linakatika na kurudi, maji yameingia kwenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kwenye ncha ya kebo. Akate kichwa hicho, aondoe pia sentimita kadhaa za kebo iliyogeuka kijani, afunge kipya, na kabla kebo haijaingia kwenye redio aipinde chini ili matone yadondokee hapo. Mfuniko wa redio utazame chini. Kuna watu huifunga ikiwa kichwa chini ili kebo iwe fupi, na hapo wamejaza kikombe.

Baada ya umeme kukatika redio zangu huchukua muda kabla ya kuungana, na wakati mwingine hubadilisha chaneli zenyewe. Ni mbovu? (Fundi, Entebbe)

Si mbovu. Sehemu kubwa ya 5 GHz, kuanzia 5250 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 MHz, hutumiwa pia na rada. Redio inayofuata kanuni husikiliza kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na kwenye 5600 hadi 5650 za rada za hali ya hewa inaweza kusikiliza kwa dakika 10. Ikidhani imesikia rada, huhama. Wewe uko karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo usizime kinga hiyo kwa kudanganya nchi kwenye mpangilio. Chagua chaneli iliyo nje ya sehemu hizo kati ya zile zinazoruhusiwa Uganda. Ukiwa na shaka waulize UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. UPS ndogo (betri ya akiba) pia itakuondolea ile dakika ya kusubiri.

Radi imeunguza tundu la ruta mara ya pili, antena ikabaki nzima. Tufanyeje? (Msomaji, Jinja)

Radi haikuipiga antena yenu. Ilipiga jirani, na kebo ndefu ikabeba mshtuko hadi ndani. Fungeni bomba kwenye fimbo ya ethi kwa waya mnene wa shaba, 16 mm² unatosha, na fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya jengo, kwani ethi mbili zisizounganishwa zenyewe huleta tofauti ya volti inayounguza vitu. Kinga ya mshtuko iwekwe pale kebo inapoingia ndani, na waya wake wa ethi uwe mfupi usio na mizunguko. Kinga isiyo na ethi ni pambo. Radi ikiipiga nguzo yenyewe, hakuna kifaa kitakachopona. Mkiona wingu zito, wahini kuchomoa plagi ya adapta na pia waya wa LAN kwenye ruta, kabla ngurumo hazijaanza.